Mpako wa veranda ya mbao Lamu: kuchagua, kupaka na kutunza

Veranda nyingi za mbao zinazochakaa mapema kati ya Shela na Malindi hazikujengwa kwa mbao mbovu. Zilipakwa vanishi mahali pasipofaa vanishi. Sakafu ya mbao iliyo wazi hupigwa jua la utosini karibu mwaka mzima, maana Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Hunyeshewa masika, hupokea chumvi inayoletwa na upepo wa kusi, kisha hukanyagwa na miguu yenye mchanga. Mpako unaokaa juu ya ubao kama ngozi hauyavumilii yote hayo kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mpako utadumu miaka mingapi, uliza ukichoka utaurudisha kwa kazi gani. Mafuta yaliyofifia huoshwa na kupakwa upya kwa siku mbili. Vanishi iliyobambuka hukudai wiki nzima ya kukwangua.

Vanishi hushindwa vipi

Mwanga wa jua hupenya vanishi isiyo na rangi na kuvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za ubao. Vanishi yenyewe huenda bado nzima, lakini imeshikilia tabaka la nyuzi zilizokwisha kufa. Wakati huohuo ubao hunyonya unyevu wakati wa masika na kuvimba kwa upana, kisha hunywea miezi ya kiangazi. Utando mgumu haufuati mwendo huo. Hupasuka penye viungo, penye vichwa vya mbao (ncha zilizokatwa) na kuzunguka skrubu, maji yakaingia kwa ufa mwembamba na kukosa njia ya kutokea. Kwanza utaona weupe kama wa maziwa chini ya vanishi, halafu weusi, halafu magamba yananyanyuka kwa kidole. Kuongeza koti jingine juu ya hayo ni kupoteza fedha, kwa sababu kilicholegea kiko chini.

Mpako upi, mahali papi

Kwa sakafu iliyo wazi tunashauri mafuta ya mbao za nje yenye rangi ndani yake. Mengi hutokana na mafuta ya kitani au ya tung (mti wa Uchina), yakaongezwa utomvu, vikaushio na dawa ya kuzuia kuvu. Ubao huyanywa. Rangi ya kahawia au ya asali iliyomo ina kazi: ni chembe za oksidi ya chuma, nazo ndizo zinazozuia mwale wa jua usifike kwenye nyuzi. Mafuta maangavu kabisa hayana kinga hiyo, na ubao wa veranda ya ufukweni hurudi kijivu baada ya miezi michache tu. Yenye rangi hukaribia mwaka. Lakini usichukue rangi nyeusi mno. Sakafu nyeusi huunguza nyayo adhuhuri, na joto lake huzidisha mipasuko.

Vanishi ina mahali pake. Mlango wa nakshi ulio ndani ya daka, dari ya roshani, benchi lililo chini ya paa la makuti: hapo jua haligongi moja kwa moja, maji hayatuami na hakuna anayekanyaga. Nunua vanishi ya baharini yenye kinga ya jua. Ina mafuta mengi kwa utomvu wake, kwa hiyo hunyumbuka ubao unapovimba. Vanishi ya samani za ndani ni ngumu, haina kinga ya jua, na nje haimalizi hata mwaka bila kupasuka.

Rangi ya kawaida, ya mafuta au ya maji, hukinga jua kuliko vyote. Ni chaguo zuri kwa nguzo na vizuizi vya mbao laini. Kwenye sakafu iache: mchanga huila pale watu wapitapo, na maji hujificha chini ya sehemu iliyobaki.

Kuna pia chaguo la kutopaka chochote. Mvule, mtiki na mbambakofi huwa za kijivu juu juu tu, na ndani hubaki imara miaka mingi zikiwa mbali na udongo. Ukiipenda rangi hiyo, osha mara mbili kwa mwaka na uachie hapo. Ni afadhali ubao usiopakwa kuliko ubao uliopakwa ukatelekezwa.

Dawa za jadi zinahitaji neno. Sifa, yaani mafuta ya ini la papa, hulinda majahazi, na mafundi wa Matondoni wanajua kwa nini: chombo hupandishwa, hukaushwa na kupakwa tena na tena. Kwa veranda harufu yake ni kali, na mafuta hubaki ya kunata yakakusanya vumbi. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Hubaki majimaji ndani ya ubao, hulisha kuvu na kuchacha. Oili chafu ya injini hupakwa sehemu ya nguzo inayoingia ardhini, lakini usiipeleke juu ya sakafu. Huchafua miguu na mikeka, ina sumu, na hakuna mpako mwingine utakaoshika juu yake baadaye.

Mafuta ya kitani matupu nayo yana kasoro zake. Mabichi huchukua siku nyingi kukauka kwenye hewa yenye unyevu, na kuvu huyapenda. Yale yanayouzwa kama yaliyochemshwa yamewekewa vikaushio vya madini kiwandani. Usijaribu kuyachemsha nyumbani, maana huwaka. Kama ndiyo pekee unayoyapata, nunua yaliyochemshwa, koti la kwanza uchanganye nusu kwa nusu na tapentaini, na utarajie kuosha kuvu mara nyingi zaidi.

Ujue ubao ulio nao

Mvule na mtiki zina mafuta yake ya asili, na mafuta hayo huchelewesha mpako kukauka. Dawa yake ni kufuta uso kwa kitambaa chenye thina dakika chache kabla ya kupaka, si jana yake, kwa sababu mafuta hupanda tena. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo barakoa ni lazima, na nzuri, si kitambaa cha kufunga puani. Ukikuta vijiwe vyeupe ndani ya mvule vinavyovunja meno ya msumeno, hiyo ni chokaa iliyoganda mtini, wala si ubovu.

Saiprasi na msonobari kutoka bara hunywa mafuta karibu mara mbili ya mbao ngumu, na bila dawa bungua na mchwa hawaziachi. Hakuna mafuta wala vanishi inayozuia mchwa. Dawa yenye boroni hufaa kwa sehemu zisizogusa ardhi, ila huyeyuka na kutoka na mvua, kwa hiyo hupakwa kwanza kwenye ubao mkavu na mafuta hufuata juu yake. Nguzo ikae juu ya jiwe au zege, sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye mchanga, ili njia za udongo za mchwa zionekane wakipanda.

Kama bado hujapigilia mbao, una bahati. Paka upande wa chini na kingo zote kabla ya kufunga. Ubao uliopakwa juu tu hunyonya unyevu kwa chini na kupinda pande zake mbili kuelekea juu, kisha hutuamisha maji. Acha nafasi ya milimita 5 au 6 kati ya ubao na ubao. Funga kwa skrubu za stenlesi daraja la 316. Chuma cha kawaida kikikutana na maji na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao hizi, hutoa wino mweusi unaotiririka kufuata nyuzi, na karibu na bahari hata skrubu zilizopakwa zinki hazikawii kufika huko.

Lini

Januari hadi katikati ya Machi ndiyo miezi bora: mvua haipo na mbao zimekauka. Nafasi ya pili ni Agosti na Septemba, masika yakiwa yamekwisha na kusi ikianza kulegea, ingawa siku za upepo mkali mchanga hutua kwenye mpako mbichi. Funga turubai upande wa upepo. Aprili hadi Juni usiguse.

Siku yenyewe, anza umande ukishakauka, yapata saa tatu asubuhi, na uweke brashi chini ifikapo saa kumi alasiri kabla unyevu wa jioni haujashuka. Fuata kivuli. Ubao uliopata moto kiasi cha kukushinda kuweka kiganja hukausha uso wa mafuta kabla hayajazama, na kwenye vanishi huchemsha mapovu.

Matayarisho

Hapa ndipo kazi ilipo. Mpako mzuri juu ya chumvi hubambuka kama mpako mbaya.

Fagia, kisha toa mchanga wote kwenye nafasi za mbao kwa kisu chembamba. Sugua kwa maji na sabuni ya unga kidogo, brashi ngumu ya nailoni, ukifuata nyuzi. Usitumie brashi ya waya wala sufu ya chuma: vipande vidogo hubaki ndani ya ubao na kuota kutu baada ya siku chache, sakafu nzima ikawa na madoa. Mashine ya maji ya kasi nayo huchana nyuzi laini na kuacha manyoya.

Suuza kwa maji matamu. Visima vingi vya mwambao vina munyu, na ukisuuzia maji hayo umeirudisha chumvi uliyoitoa. Chumvi huvuta unyevu hewani, ikaulegeza mpako kutoka chini. Kama birika au tangi lako lina maji ya mvua, yahifadhi kwa suuzo la mwisho.

Ukiona madoa meusi, tofautisha kwanza. Dondosha tone la jiki. Doa likififia ndani ya dakika moja au mbili, ni kuvu. Likikaa vilevile, ni doa la chuma. Kwa kuvu changanya jiki sehemu 1 na maji sehemu 4, paka, acha dakika 15, sugua, suuza sana. Kwa doa la chuma tumia asidi ya oksaliki: gramu 80 hadi 100 katika lita 1 ya maji ya moto kiasi, ndani ya ndoo ya plastiki, ukivaa glavu na miwani. Paka ubao mzima, si doa peke yake, la sivyo utabaki na duara jeupe. Acha ikauke, kisha suuza mara mbili au tatu. Unga wake ukibaki na ukapiga msasa, utauvuta puani, nao ni mkali. Jiki na asidi hii zisikutane kamwe, wala kwenye ndoo wala kwenye ubao: mchanganyiko hutoa gesi ya klorini. Ukihitaji zote mbili, anza na jiki, suuza, uache ubao ukauke kabisa, ndipo siku nyingine utumie asidi.

Acha ubao ukauke siku mbili hadi nne za jua. Mwenye kipimo cha unyevu asubiri kishuke chini ya asilimia 18.

Kisha msasa. Sakafu ya kupakwa mafuta anza namba 60 kama ni ya kijivu, umalizie namba 80. Usiende juu ya 100. Msasa laini mno huziba vinyweleo, mafuta yakakosa pa kuingia, na sakafu ikateleza ikilowa. Kwa vanishi malizia 150 au 180. Piga kwa kufuata nyuzi, kwa sababu michirizi ya kukata nyuzi hutokea vizuri sana mafuta yakishaingia. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu.

Jaribio la mwisho ni tone la maji. Likizama ndani ya dakika moja, ubao uko tayari. Likikaa juu kama shanga, kuna mpako wa zamani au mafuta yaliyobaki, na msasa haujakwisha.

Kiasi cha kununua

Chukua veranda ya mita 3 kwa 4, yaani mita 12 za mraba. Kwa mbao ngumu, lita 1 ya mafuta hupaka takriban mita 8 hadi 10 koti la kwanza, na 12 hadi 15 koti la pili. Hiyo ni lita 1.5 na lita 1. Ongeza kingo, ngazi na vichwa vya mbao, utafika lita 3 na kidogo, kwa hiyo nunua galoni moja ya lita 4 na ubakishe ya matengenezo. Kwa mbao laini hesabu mita 5 au 6 kwa lita koti la kwanza. Nunua yote kwa mkupuo mmoja, na ikiwa ni makopo kadhaa yachanganye pamoja kwenye ndoo, maana kivuli cha rangi hutofautiana kopo kwa kopo.

Kupaka mafuta

Koroga kwa kijiti bapa mpaka chini kabisa, na rudia kila robo saa. Chembe za rangi huzama, na asiyekoroga hupaka maji maangavu mwanzo na tope mwisho.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao huohuo. Halafu anza na vichwa vya mbao. Nyuzi zilizokatwa hunywa kuliko uso wote, na maji pia huingilia hapo, kwa hiyo vipake mara tatu au nne mpaka vikatae. Baada ya hapo paka mbao mbili au tatu kwa pamoja, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho wake, kwa brashi ya inchi 3 au 4. Usisimame katikati ya ubao: pale koti bichi linapolalia lililokauka hubaki alama nyeusi isiyofutika ila kwa msasa.

Subiri dakika 15 hadi 20, kisha futa yote ambayo ubao haukuyanywa, kwa kitambaa cha pamba. Futa hata kama inaonekana unatupa mafuta ya bei. Yanayobaki juu hayaingii tena, huwa gundi. Koti la pili hufuata baada ya saa 24, jembamba, nalo hufutwa vilevile. La tatu halihitajiki kwenye mbao ngumu. Pita kwa miguu mitupu baada ya siku mbili, rudisha viti baada ya siku nne, na mikeka baada ya wiki.

Vitambaa ulivyofutia ni hatari ya kweli. Mafuta ya kitani yanapokauka huvuta oksijeni na kutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kikatupwa pembeni kinaweza kuwaka chenyewe saa chache baadaye bila moto wowote kukikaribia. Chini ya paa la makuti, katika mitaa ambayo kuta zimeegemeana, hilo halina mzaha. Tandaza kila kitambaa nje kimoja kimoja mpaka kikakamae, au kizamishe kwenye kopo la bati lenye maji na ufunike. Mabaki ya tapentaini usiyamwage mtaroni, kwa maana mitaro ya mji huishia baharini.

Kwa vanishi ya baharini kwenye mlango au benchi, utaratibu ni mwingine. Koti la kwanza punguza kwa tapentaini nusu kwa nusu, la pili robo, la tatu kiasi cha sehemu 1 kwa 10, kisha mawili au matatu bila kupunguza. Msasa namba 220 kati ya koti na koti. Usipunguze kwa thina ya kupulizia magari, kwani huikatisha vanishi ikawa kama maziwa yaliyoganda. Mlango wa nje ndani ya Mji wa Kale, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, uliza ofisi ya uhifadhi kabla ya kuubadilisha rangi.

Utunzaji wa mwaka

Kufagia kila siku kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mchanga chini ya nyayo hufanya kazi ya msasa. Mara moja kwa wiki wakati wa kusi, mwagia maji matamu kutoa chumvi. Mkeka uliolowa usilale juu ya sakafu usiku kucha, na vyungu vya maua vipandishwe juu ya vijiwe ili hewa ipite.

Rudia tone la maji kila mwezi, sehemu tatu: ukingo wa nje, katikati na ukutani. Ukingo utachoka kwanza siku zote, maana paa haliufikii. Hapo ndipo unapookoa fedha: ukingo wa nje wa mita moja upake Februari na tena Agosti, na sehemu iliyobaki Februari tu. Kazi ni kuosha, kukausha, kupitisha msasa namba 80 kwa mkono palipo kijivu, na koti moja jembamba. Lita 1 hutosha veranda yetu ya mita 12.

Vanishi hurudiwa ingali nzima. Mng'ao ukianza kufifia, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili chini ya paa, piga msasa 220 na uongeze koti mbili. Ukingoja hadi ibambuke, itabidi ukwangue hadi kwenye ubao.

Mambo yanayoharibika

Sakafu inanata baada ya siku tatu: hukufuta mafuta yaliyozidi, au hewa ilikuwa na unyevu mwingi, au mafuta ya mvule yalizuia. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini. Isiposaidia, paka mafuta mapya kidogo juu yake, sugua kwa pedi ya nailoni mpaka yale ya zamani yalainike, kisha futa yote.

Mabaka yanayong'aa na mengine makavu: msasa haukuwa sawa, au mpako wa zamani ulibaki mahali. Hayarekebishwi kwa koti jingine; rudi kwenye msasa.

Kuvu inarudi kila masika mahali palepale: angalia chini ya sakafu. Mara nyingi majani na mchanga vimeziba nafasi za mbao, au ukingo wa veranda umezibwa kwa ukuta na hewa haipiti. Fungua njia ya hewa kwanza, dawa baadaye.

Mafuta yaliyobaki yamimine kwenye chombo kidogo kinachojaa hadi juu, kwani hewa iliyomo ndani ya kopo nusu ndiyo inayoyagandisha. Andika tarehe na rangi juu ya kifuniko. Yakifanya ngozi, itoe yote kisha uyachuje kwa kitambaa. Yakiwa mazito kama asali, usiyapunguze ukayapaka, yamekwisha.